Mwalimu Asukulu, Aliyesomesha Kuanzia Musitari wa Mwisho

Mwalimu Néhémie Asukulu anaingia retrete, anastaafu leo, tarehe 2 mwezi wa saba 2024, nyuma ya miaka makumi tatu na munane ya kazi. Bureau moja, ofisi ambayo sitaitaja juu ya heshima ya sherehe, iliandika miaka makumi mbili na kenda. Banasema ile miaka tulikimbilia Tanzania haihesabiwi. Basi na batoto bale alibafundisha chini ya turubai ya shitingi kule kambini, bakajua kusoma, nao pia hawahesabiwi? Sisi bazazi tunahesabu. Makumi tatu na munane. Anayetaka kufuta akuje na kifutio chake hapa mbele yetu.

Directeur Fabien aliniambia: "Mama Merveille, uandike kwa furaha, na iwe fupi." Furaha iko. Fupi nitajaribu. Mimi ni Émilienne, nauzisha ndagala, bale samaki badogo ba ziwa, soko ya Baraka, shule niliiachia darasa la tatu. Balimu njo bangepashwa kuandika maneno haya, lakini bazazi balisema niandike mimi, kwa sababu kazi ya mwisho ya Mwalimu Asukulu ilipita ndani ya nyumba yangu. Binti yangu Merveille anaingia darasa la sita mwezi wa tisa. Kusoma kwake kunahitaji muntu wa kumushika mukono kila mangaribi, jua likishuka, na muntu huyo anaondoka leo. Kwa hiyo anayesoma programu hii ya sherehe asishangae kama furaha yangu inatembea pamoja na hasira.

Nianze na maisha yake. Mwalimu ni mwana wa pwani, Mubembe wa kukulia kando ya ziwa, na kazi yake ya kwanza, mwaka wa 1986, balimutuma Bibokoboko, kule juu kwenye baridi na ng'ombe. Alipanda na shati la mikono mifupi. Juma la kwanza alifundisha na bulangeti mabegani, na batoto ba bafugaji bakamupa jina la Mwalimu Bulangeti. Banasema mupaka leo kule juu kuna bazee benye ndevu banaomuita hivyo. Yeye anacheka, lakini tangu siku ile hatoki nyumbani bila koti, hata jua la Baraka likiwa linakaanga mawe.

Kisha akashuka Swima. Huko akaoa, huko akafundisha darasa la sita mara ya kwanza. Vita ya 1998 ikatutoa sisi bote kwetu. Kule kambini hakungoja muntu amuite mwalimu. Alitafuta ubao wa sanduku, akaupaka makaa, akaanza. Akarudi mwaka wa 2007, na tangu pale iko shuleni petu Baraka.

Bantu banamujua kwa sauti yake. Akiita jina la mutoto ndani ya darasa, bamama sokoni banageuka. Banamujua pia kwa kukataa pikipiki. Hajapanda hata siku moja. Anasema Mungu alimupa magoti mbili na yeye atazimaliza mwenyewe. Amezimaliza kweli. Mwaka huu nimemuona akipanda ngazi za shule ameshika ukuta.

Lakini kitu kilichomutenganisha na bengine ni kwamba alikataa kuimba. Bazazi bote banajua namna batoto betu banavyosomeshwa. Mwalimu anaandika ubaoni, anapiga fimbo juu ya neno, batoto bote banajibu kwa sauti moja: "Ba-ba a-na-li-ma! Ma-ma a-na-pi-ka!" Ukipita barabarani unafurahi, unasema shule iko hai. Mwalimu Asukulu mwenyewe aliimbisha hivyo miaka mingi, na hafichi. Kisha balimu baliitwa Fizi kwa mafunzo ya kusomesha. Anasimulia kwamba kulikuwa joto, alikula sombe nyingi, akasinzia nusu ya mafunzo. Aliamuka pale mufundishaji alikuwa anauliza: "Darasa lote likiimba, utajuaje nani hasomi?" Anasema hakusinzia tena.

Alirudi na kawaida moja tu. Anaandika musitari kumi ubaoni, na anaita mutoto mumoja asome kuanzia musitari wa mwisho, akipanda juu. Mwenye kusoma anasoma. Mwenye kuimba anakwama. Siku moja mukaguzi aliingia, akakuta kimya, akauliza:

"Mwalimu, darasa lako linalala?"

"Hapana, Mukubwa," akajibu. "Linasoma."

Hapo ndipo Merveille anaingia.

Merveille wangu alikuwa mushika fimbo. Darasa la kwanza, la pili, la tatu, yeye njo alisimama mbele na kuongoza wimbo. Mimi nilikuwa napita na beseni kichwani, nasimama kwenye dirisha, nasikia sauti ya mutoto wangu ikivuta sauti za bote. Jirani yangu Renilde alikuwa anasema: "Huyu atakuwa mudeputé bungeni, atatuletea maji ya bomba, ya robine." Nilikuwa naona hata hiyo ni kidogo.

Darasa la nne likakuja na vitabu vipya na Kifaransa kirefu, na mutihani ambao hauimbwi. Merveille akaanguka. Ah, bandugu, alianguka kama muntu aliyetolewa ngazi chini ya miguu. Mwalimu wake, ambaye leo hayuko tena hapa, hakuuliza sababu. Alisema: "Huyu mutoto ni mwongo. Kitabu cha mwaka jana anasoma, cha mwaka huu anajifanya hajui. Ananichezea." Akamufanya adublé, arudie darasa lile lile. Akamupatia kitabu cha darasa la kwanza, akamukalisha nyuma, na kila batoto badogo bakipita banaambiwa: "Muangalie dada yenu, anasoma nanyi." Banacheka. Mutoto aliyeshika fimbo!

Bengine balikuwa na dawa zao. Mumoja alisema ni Kifaransa, kinamuchanganya. Mwingine alisema ni macho. Shangazi yangu alisema kuna muntu amefunga kichwa chake. Na mukubwa mumoja wa shule, wakati ule, aliniambia kwa upole, upole ule unaouma kuliko kofi: "Mama, si kila mutoto ni wa shule. Mupeleke kwenye kushona." Merveille alikuwa na miaka kumi na moja. Kusikia vile nilirudi sokoni nikapima ndagala vibaya siku nzima.

Siku moja mwalimu wa darasa la nne aliugua, Mwalimu Asukulu akaingia kushika darasa lake. Akaandika ubaoni somo la kitabu cha darasa la tatu, akalitaja jina. Akamuita Merveille. "Anza musitari wa mwisho." Merveille akaweka kidole kwenye musitari wa mwisho, na kinywa chake kikasoma musitari wa kwanza. Vizuri kabisa, bila kosa, na sauti ya mushika fimbo. Kidole chini, maneno juu. Darasa likapasuka kicheko. Mwalimu hakucheka. Alituma bote nje bakacheze.

Akakuja sokoni na koti lake, jua kali, akasimama mbele ya meza yangu.

"Mama Merveille, mutoto wako hajui kusoma."

"Mwalimu, na wewe tena? Bananiambia hivyo tangu mwaka jana."

"Hapana. Bale banakuambia hataki. Mi nakuambia hajui. Ameshika vitabu vya miaka tatu kichwani, kwa masikio tu, neno kwa neno. We ungeweza?"

Nikamuambia siwezi. Akasema: "Hata mi siwezi. Muntu mwenye kichwa kile si mujinga. Kuna kitu kati ya jicho na neno. Tutakitafuta."

Tukakitafuta. Kwanza hospitali, macho. Munganga akasema Merveille anaona vizuri kupita yeye. Kisha masikio. Mazuri. Mwalimu akapata habari kwamba mutaalamu mumoja, Madame Solange, mwenye kupima namna bantu banavyosema na kusoma, atakuwa Uvira kwa juma moja. Ilikuwa wakati wa mvua. Yeye asiyependa pikipiki akakubali kukaa juu ya mifuko ya muhogo kwenye kamio ya mizigo, ameshika kofia kwa mukono mumoja na Merveille kwa mukono wa pili. Pale Swima muto ulijaa, kamio ikakataa kupita, tukashuka na kungoja maji yapungue. Bantu ba Swima balimutambua. Basichana alibafundisha zamani, leo bamama, balikuja kumusalimia na samaki wa kuchoma. Alikula, akasema chumvi haitoshi, bakamucheka. Tukafika Uvira tumelowana kama vifaranga.

Nataka niwaeleze vizuri namna kipimo kilivyokuwa, kwa sababu kuna bazazi banaogopa. Hakuna sindano. Hakuna mashine ya kichwa. Madame Solange alikaa na mutoto mezani. Alimuuliza habari za nyumbani, akamusikiliza akisema. Akamusomesha maneno ya Kiswahili, kisha ya Kifaransa. Alituambia vipimo vingi vilitengenezwa kwa batoto ba inchi zingine, ndiyo maana anapima kwa luga zote mbili na haharakishi. Kama shida ingekuwa Kifaransa tu, Kiswahili kingepita. Hakikupita.

Kisha akatoa maneno yasiyo na maana hata moja. Tibaku. Munelo. Padide. Maneno ambayo hakuna muntu ameyaimba mahali popote. Hapo masikio ya Merveille hayakuwa na kitu cha kumusaidia. "Padide" akasoma "dabibe." Akaangalia tena, akasoma "babide." Jasho likamutoka. Niliona kwa macho yangu kazi mutoto wangu alikuwa anafanya kila siku, huku banamuita muvivu.

Mwishoni akaulizwa: "Nikitoa kipande cha kwanza kwenye neno, kunabaki nini? Kitabu bila ki?" Akafikiri sana, akakosa. "Sawa. Samaki bila sa?"

Merveille akaniangalia mimi, muuza samaki, akajibu: "Ndagala?"

Madame Solange akacheka mupaka akashika tumbo. Mimi nikaona aibu. Mwalimu Asukulu akasema: "Mama, usiiname. Samaki aliyepunguzwa ni ndagala. Jibu liko na akili. Haliko tu jibu la ulizo lake."

Na kweli, hivyo njo ilikuwa. Madame Solange alituelezea: Merveille hasikii neno kama vipande. Analisikia kama kitu kizima, kama jiwe. Kichwa chake kinachelewa kufunga sauti na herufi, na b na d na p zinamubadilikia. Inaitwa disileksi. Si ugonjwa wa kuambukiza, si uvivu, si ukosefu wa akili, na haikuletwa na kitu mimi nilikula au sikukula. Hakuna kidonge chake. Kuna kufundishwa kwa njia nyingine, polepole, kila siku, na kusomewa maulizo wakati wa mutihani ili ajibu kile anachokijua. Nikauliza: "Ataweza kusoma?" Akasema: "Atasoma. Polepole kuliko bengine, pengine maisha yake yote. Lakini atasoma, kama hamutamuachia njiani."

Kama hamutamuachia njiani. Bazazi, mulishike neno hilo, nitalirudilia.

Tuliporudi, neno disileksi lilitangulia kufika katani. Sokoni baliniuliza dawa yake ni ya bei gani. Mumoja akavuta mutoto wake mbali na wangu. Kisha bamama ba kikundi cha maombi bakakuja nyumbani, kwa upendo, ninajua ni kwa upendo, bakamuzunguka Merveille, na kiongozi akainua sauti: "Wewe roho ya Disileksi! Toka! Disileksi, nakuamuru, rudi ulikotoka!" Merveille akafungua jicho moja, akaniuliza chinichini: "Mama, Disileksi ni nani? Iko nyumbani?"

Mwalimu Asukulu, ambaye ni muzee wa kanisa na hakuna anayeweza kusema haombi, alikuwa amekuja kutusalimia. Alingoja Amina. Kisha akasema: "Bapendwa, aksanti. Lakini hii haina miguu ya kutokea. Mukitaka kufunga, mufunge kwa ajili ya shule, imupatie mutoto kiti cha mbele na isimucheke. Ile roho ya kucheka njo kubwa." Kiongozi wa maombi alikasirika kidogo. Sasa mujukuu wake anakuja pia mangaribi.

Kwa sababu Mwalimu alifungua chumba. Directeur aliyekuwa wakati ule alimupatia chumba cha nyuma, kile kilichowekwa benchi zilizovunjika. Alizitengeneza mwenyewe. Akaniomba lungo langu la kuanikia ndagala, akalijaza muchanga wa ziwa, na batoto bakaandika herufi kwa kidole ndani ya muchanga, kubwa, huku banatamka sauti yake. Bakikosea, bananyoosha muchanga, hakuna wino mwekundu. Banapiga makofi kwa kila kipande cha neno. Sa. Ma. Ki. Batoto banafika kumi na zaidi. Arakaza, mwana wa Renilde, aliyekuwa anatoroka shule na kujificha kwenye mihogo, sasa anamukumbusha mama yake saa. Balinuka samaki mwezi wa kwanza, sababu ya lungo langu. Tusameheane.

Nyuma ya miezi kadhaa, Merveille akapita darasa la nne. Balimusomea maulizo ya hesabu kwa sauti, na huyo "mwongo" akapata alama za juu kuliko batoto bengi. Mwaka huu amepita la tano. Juzi alinisomea jina la dawa kwenye chupa. Alichukua muda murefu. Wali ulianza kuungua, na nikauachia uungue.

Sasa nisikilizwe vizuri.

Mwezi uliopita nilimuendea Directeur Fabien, ambaye alifika shuleni petu mwaka huu, nikauliza nani atashika kile chumba.

"Mama Merveille, kile chumba tutawekamo simenti ya vyoo."

"Na batoto?"

"Batafuata na bengine darasani."

"Kwa kuimba?"

Akageukia karatasi zake. Nikamukumbusha Mwalimu Joselyne, yule kijana anayesomesha darasa la kwanza, ambaye Mwalimu Asukulu amemufundisha kazi hii mwaka muzima, na yeye mwenyewe anaitaka. Akasema Joselyne iko na darasa lake asubui. Nikasema asubui si mangaribi. Akasema: "Mama, jambo hili haliko kwenye programu ya serikali."

Nikamuambia: "Directeur, disileksi pia haikuomba ruhusa ya serikali mbele ya kuingia."

Vyoo tunavihitaji, sikatai. Batoto betu banahitaji mahali pa kujisaidia. Lakini simenti inaweza kulala kwangu. Nina nyumba, nitaondoa vitanda. Simenti haidublé mwaka. Simenti haiambiwi mwongo mbele ya batoto badogo.

Na bengine banasema: basi Mwalimu Asukulu arudie kidogokidogo, magoti yake yanaweza. Hapana. Muone haya. Muntu ametumika Bibokoboko na baridi, Swima, kambini, Baraka, na bado tunataka ashike ukuta apande ngazi sababu sisi tumeshindwa kumupatia funguo kijana mumoja aliye tayari? Si Mwalimu anayetakiwa kuwaokoa batoto hawa tena. Ni sisi. Mutihani wa mwisho wa darasa la sita uko mwaka kesho, na kusoma ni safari ya kila siku, na tuliambiwa tusimuachie njiani. Akikosa mangaribi za mwezi wa tisa, wa kumi, wa kumi na moja, Merveille atarudi kwenye kile anachokiweza peke yake: kushika kwa masikio. Na mara hii hakuna atakayemuambia aweke kidole kwenye musitari wa mwisho ili amugundue.

Directeur Fabien, kwenye programu hii jina lako linafuata langu. Ninakuheshimu. Umekuja kumushukuru Mwalimu, na shukrani zako ni nzuri, lakini leo uziache kidogo. Simama utuambie mbele yake, yeye akiwa amekaa na kusikia: mwezi wa tisa, mangaribi ya kwanza ya shule, nani atafungua mulango wa kile chumba? Jina moja linatosha. Bazazi bamekubaliana, hakuna atakayefungua sufuria ya wali mbele ya jina hilo kusikika. Chakula ni kingi na njaa tuko nayo, kwa hiyo usikawie.

Mwalimu Asukulu, aksanti sana. Aksanti kwa Mama wa nyumba yako, aliyekugawa nasi miaka yote hii na hakunung'unika. Pumuzika. Lala mupaka jua lipande. Kula samaki wako na chumvi unayotaka. Mungu akupe siku nyingi, na miguu yenye nguvu ya kuzitembelea. Nenda na furaha yote, usituachie hata kidogo. Hasira tu utuachie sisi. Bado iko na kazi hapa.

Émilienne, mama ya Merveille
Kwa jina la bazazi ba batoto ba mangaribi